Video ya Kwanza na Mahindi Niliyoyafukua

Kwa muda mrefu nilikuwa na chaneli isiyo na kitu ndani. Jina ilikuwa nalo, picha yangu nikiwa nimejifunga kitambaa cha kichwani ilikuwa nayo, hata wafuasi wachache ilikuwa nao, wengi wao dada zangu na wanakwaya wenzangu wa kanisani. Video ndiyo haikuwepo. Mume wangu alisema nimefungua duka, nikapanga rafu, nikasahau bidhaa. Alisema hivyo akicheka. Mimi sikucheka, maana ilikuwa kweli, na ukweli wa kunichekelea haunishuki vizuri.

Uvivu haukuwa shida yangu. Nilikwama kwenye ile ya kwanza. Nilikuwa nimejiaminisha kwamba video ya kwanza ndiyo itakayowaambia watu mimi ni nani, na jambo hilo mwenyewe sikuwa nalo uhakika. Nilikulia Migori mjini, nyuma ya duka la mama yangu la vyombo, nikaolewa huku Ndhiwa kwenye boma la wakulima. Watu wa shamba waliniona mtu wa mjini, mtu wa tauni kama wasemavyo, na nikienda tauni dada zangu walinicheka kwa miguu iliyopasuka visigino. Mama mkwe wangu huniita nyar Migori, yaani binti wa Migori, kwa sababu wake wa kwetu huitwa kwa walikotoka. Jina zuri, ila lilinikumbusha kila siku kwamba nilitoka mahali pengine.

Kwanza nilijaribu Awendo. Mume wangu ni dereva wa lori la miwa, na alitaka sana awe yeye nyota. "Nipige nikipanda kile kilima na mzigo," aliniambia. Nikapanda naye. Nilirudi na video ndefu ya vumbi, mtikisiko, na mume wangu akihutubia kama mtu anayeomba kura, mkono mmoja nje ya dirisha. Niliifuta kabla hatujafika nyumbani, na alininunia mpaka chakula kilipoiva.

Nikajaribu Ogwedhi, siku ya soko la mifugo. Nilidhani ng'ombe ni rahisi kupiga picha kwa kuwa hawana maneno. Wenye ng'ombe wana maneno. Mzee mmoja aliniuliza mbuzi wake ninamnunua ama ninampima suti. Mwingine alitaka alipwe kwa sababu fahali wake ametokea kwenye simu yangu. Niliposikiliza nilichorekodi, sauti iliyotawala ilikuwa yangu ikisema samahani, samahani mzee, samahani. Kupika samaki nako niliwaza nikaacha. Wanaopika samaki kwenye simu ni wengi kuliko samaki wenyewe, na jikoni zao zina vigae.

Wazo lenyewe lilinijia nikiwa nimekaa na mama mkwe mlangoni kwake, tunapukuchua mbegu. Yeye hapandi mbegu za dukani tu. Kila mwaka huweka masuke ya nyamula, mahindi yetu ya kienyeji ya manjano, juu ya moto jikoni mpaka moshi uyakaushe. Punje zilikuwa zinaanguka kwenye ungo, manjano kabisa, na jua la asubuhi linazipiga. Nikasema moyoni, hii hapa. Nitaonyesha msimu mzima, kutoka mbegu hadi sufuria. Video ya kwanza itakuwa mkono unaotia mbegu ardhini. Nilifurahi hata nikapukuchua vibaya, punje zikaruka nje, na mama akaniuliza kama nina homa.

Sasa lazima nieleze jambo moja, maana bila hilo hutaelewa nilivyojiingiza matatani. Katika boma la Wajaluo, kupanda kuna mpangilio. Mvua ikishuka, mama wa boma ndiye anayetoa mbegu na kupanda kwanza. Baada yake mke wa mtoto mkubwa. Baada ya huyo, anayefuata. Hakuna anayemruka mwenzake. Wapo walioacha desturi hiyo, na hata kanisani kwetu wapo wanaosema imepitwa na wakati, lakini mama mkwe wangu anasali Jumamosi na kupanda kwa mpangilio Jumapili, na hajawahi kuona ugomvi kati ya hizo siku mbili.

Mke wa mtoto mkubwa ni nyar Kendu. Mimi na yeye tunaitana nyieka, neno wanaloitana wake za ndugu, au niseme tulikuwa tukiitana hivyo. Mume wake anafanya kazi za ujenzi Nairobi, na yeye alikuwa amehamia Homa Bay kushona nguo. Zamani alikuja kila msimu wa kupanda. Kisha sisi tukajenga nyumba ya matofali, yenye bati la buluu, upande wetu wa kushoto wa lango, na upande wa kulia nyumba yake ya udongo ikabaki vilevile, inavuja. Mdogo hajengi kabla ya mkubwa. Mume wangu alimpigia simu kaka yake kuomba ruhusa, na kaka akasema jengeni tu, hakuna neno. Hakuna aliyemuuliza nyar Kendu. Alikuja siku ya kuezeka, akaangalia bati, akanywa chai, akaondoka. Tangu hapo misimu ilikuwa imepita bila yeye kukanyaga bomani, na shamba lake likawa la magugu. Mama alikuwa akipanda, kisha anatia punje chache kwenye kona ya shamba la nyar Kendu kwa niaba yake ili nami nipate kupanda.

Mwaka huo alikataa. "Nimechoka kumpandia mtu aliye hai," alisema. "Nitamngoja mwenyewe aje."

Mimi nikangoja siku chache, na kungoja si kazi yangu. Mvua ya kwanza ilishuka alasiri, ikanyesha vizuri, na asubuhi iliyofuata shamba langu lilikuwa jeusi, linatoa mvuke, na jua limelala chini kwa namna ambayo ukikosa kulipiga picha umekosa. Nikawaza: sipandi, ninaigiza kupanda. Nikachota nyamula kidogo kwenye kibakuli, nikachomeka mpini wa jembe la zamani ardhini, nikaifunga simu juu yake kwa mpira wa baiskeli, nikaanza.

Mara ya kwanza simu ilianguka. Mara ya pili nilikuwa nimejikata kichwa kwenye picha. Halafu kuku akapita. Halafu nikaona mkono wangu haupendezi, nikabadilisha. Kila mara nilichimba shimo, nikatia punje, nikafunika kwa mguu, nikasogea mbele kidogo nianze upya. Niliponyoosha mgongo, nilikuwa nimemaliza mstari mzima na kuingia wa pili, na mama mkwe alikuwa amesimama nyuma yangu na mkongojo wake.

"Hii ni nini?" aliuliza.

"Ni ya video tu, Mama. Sijapanda."

"Mahindi iko wapi?"

"Iko kwa mchanga."

"Umefunika?"

"Nimefunika."

"Mvua ikinyesha leo, itamea ama haitamea?"

"Itamea," nilisema. Nimesoma mpaka kidato cha nne na sikupata jibu jingine.

"Basi umepanda," alisema. "Fukua. Fukua yote. Sitaki kuona hata moja."

Kutia mbegu ni kazi nyepesi. Kuitafuta ni adhabu. Nilipiga magoti nikaanza kuchambua tope kwa vidole, punje moja hapa, jiwe la manjano pale nikidhani ni punje, huku mama akinisimamia na kuninyooshea mkongojo, pale, hapana, pale, umeruka moja. Nilikuwa nimekasirika hata machozi yalinilenga. Nilijiambia watu wazima hawatendewi hivi. Nilijiambia pia kwamba kama ningekuwa Migori mjini nisingekuwa na mama mkwe wala tope. Kuku yule alirudi na kula zile nilizokuwa nimeshazitoa.

Jioni, nilipofungua simu kufuta yote, nikagundua kwamba asubuhi, wakati wote wa kufukua, ilikuwa haijaacha kurekodi. Yote yalikuwemo: makalio yangu juu, kitambaa kimelegea, mkongojo unaingia na kutoka kwenye picha. Nilitaka kufuta. Lakini nilianza kusikiliza, na mle ndani, chini ya kelele zangu, mama alikuwa akisema peke yake maneno ambayo nikiwa na hasira sikuyasikia. Alisema kwa Dholuo, lugha yetu, taratibu, kama anayesali: nyar Kendu hajafika, nani atamwambia mtoto wangu huyo kwamba amerukwa tena, nyumba tulimruka, nilinyamaza, nilikosea kunyamaza.

Nilikaa na simu mkononi nikaona aibu, na aibu hiyo haikuhusu makalio.

Asubuhi nilikwenda Homa Bay. Nyar Kendu anashonea kwenye veranda ya duka la vitambaa la Mwislamu mmoja aliyetoka Pwani, mtu mwenye Kiswahili kitamu hata ukisalimiwa naye unaona haya kujibu. Alinipa kiti, akaniuliza habari za safari, za mvua, za watoto, akarudi ndani. Nyar Kendu hakuinua macho. Alikuwa na rundo la sare za shule upande mmoja, futi ya kupimia shingoni, na mguu wake uliendelea kukanyaga cherehani kana kwamba nimeletwa na upepo.

Tunapokosana, sisi wawili huacha Dholuo na kuongea Kiswahili. Katika Dholuo ingebidi tuitane nyieka.

"Umekuja kushona?" aliuliza.

"Nimekuja kukuita. Mama hajapanda."

"Si apande. Nani amemshika mkono?"

"Anakungoja wewe."

"Na wewe unaningoja?" Sasa aliinua macho. "Wewe unajua kungoja? Wakati wa nyumba ulingoja? Mlipigia mume wangu simu. Mimi ndiyo nalala kwa hiyo nyumba ikinyesha, si yeye. Mimi hakuna mtu aliniuliza."

Nilikuwa nimejitayarisha njiani kuwa mpole, lakini mimi nina mdomo, na ulikuwa tayari umefunguka kusema kwamba yeye angeweza kusema siku ile ya kuezeka badala ya kunywa chai na kwenda zake. Nashukuru uzi wake ulikatika wakati huohuo, akainama kuutia tena kwenye sindano, nami nikapata nafasi ya kufunga mdomo.

"Hakuna aliyekuuliza," nilisema. "Na jana nimekuruka tena. Ona."

Nikampa simu. Alianza kuangalia kwa uso mgumu, mikono kifuani. Alipoona kuku anakula mbegu, pua ilimcheza. Alipoona nimekaa vile, nyuma juu na kichwa ardhini, na mkongojo unanielekeza, alifunika mdomo kwa futi ya kupimia. Kisha akafika pale mama anapoongea. Aliisogeza simu sikioni. Aliirudisha nyuma akasikiliza tena, na tena, cherehani ikiwa kimya, na barabarani bodaboda zinapiga honi. Nilimwangalia na kuona kwamba miaka yote hiyo alidhani mama alichukua upande wetu. Mimi pia nilidhani hivyo, na nilikuwa nimelifurahia jambo hilo.

"Hii ni lini?" aliuliza.

"Jana asubuhi."

Alinirudishia simu. "Niko na sare za kumaliza. Shule zinafungua."

"Sijasema uje leo."

"Nimesema niko na kazi."

Nikaaga. Mwenye duka alinisindikiza kwa maneno mazuri mpaka barabarani. Sikujua kama nimefaulu au nimeharibu zaidi, na njia nzima nilikuwa nikimjibu nyar Kendu kichwani yale ambayo sikumjibu pale.

Siku zilizofuata zilikuwa ndefu. Mvua ilinyesha kila alasiri. Majirani wote walikuwa wamepanda, na mistari ya kijani ilianza kutokeza kwenye mashamba yao, huku letu likibaki jeusi kama tumefiwa. Mume wangu alikuja mwisho wa juma, akasimama kwenye ua akiangalia mashamba ya watu. "Mama, tutakula nini mwaka huu?" aliuliza. Mama akamjibu kwamba atakula miwa, si anaibeba. Nilicheka, lakini niliogopa. Mahindi ya kuchelewa huliwa na kiangazi yangali na maua, na sisi hatuna shamba jingine. Nilifikiria kumpigia simu nyar Kendu, nikaishika simu mara nyingi, nikaiweka. Kwa mara ya kwanza tangu niolewe, nilijifunza kukaa na jambo bila kulisukuma. Sikulipenda hata kidogo.

Alikuja Jumapili, jua likiwa limeshapanda. Tuliisikia pikipiki langoni, tukadhani ni mtu wa maziwa. Alishuka na mfuko wa mbegu, jembe jipya ambalo bado lilikuwa na karatasi ya dukani kwenye mpini, na viatu vya mpira. Hakuenda nyumbani kwake. Alikwenda moja kwa moja kwa mama mkwe, ambaye alikuwa amekaa mlangoni na alijaribu kusimama haraka mkongojo ukamtoka mkononi. Nyar Kendu akauokota, akampa, akaushikilia kidogo kabla ya kuuachia. Waliongea wenyewe. Sikusogea karibu, na sijawahi kuuliza walisema nini.

Kisha mama akaingia jikoni, akatoka na ungo wa nyamula. Tukaenda shambani sote watatu, mume wangu akiwa nyuma na majembe. Nilikuwa na simu mfukoni na sikuitoa. Mama alichimba shimo lake, akatia punje, akafunika kwa mguu, polepole, akaendelea mpaka alipochoka. Halafu nyar Kendu akaingia kwenye shamba lake. Halikuwa limelimwa. Magugu yalimfika kiunoni. Mume wangu alitaka kumsafishia, yeye akamkatalia kwa mkono, akafyeka mwenyewe kipande cha ukubwa wa mkeka, akakilima mpaka udongo ukawa laini, akapanda. Alipomaliza jasho lilikuwa linamtiririka, na mama alikuwa akilia bila kujificha.

"Si uko na kamera?" nyar Kendu aliniuliza.

"Niko nayo."

"Mbona hupigi?"

Nikasema sikujua kama anataka kupigwa. Akasema hataki, amevaa vibaya, nguo hii hakuishona yeye. Kisha akanyoosha mkono. "Leta hapa."

Hakuwahi kupiga picha kwa simu ya aina ile. Nilimwonyesha kitufe. Akaishika kwa mikono yote miwili, kidole gumba kikiwa mbele ya kioo cha kamera, nami nikaona, nikataka kumrekebisha, nikauma ulimi. Nikaingia shambani kwangu, pale pale nilipofukua. Kazi ile ile nilikuwa nimeifanya wiki iliyopita mara nyingi hata nikachoka. Nikachimba shimo. Nikachukua punje. Nikasita, nikamwangalia.

Hiyo ndiyo video ya kwanza kwenye chaneli yangu, na bado ipo. Imeinama upande mmoja. Kona ya juu imefunikwa na kidole chake, na nusu ya muda ninaonekana miguu tu. Dada zangu walinishauri niitoe niweke nyingine iliyo safi, na wakati ule nilikuwa nimeshajifunza kupiga zilizo safi. Nimekataa. Ukiisikiliza utasikia upepo, mume wangu akikohoa, na mimi nimesimama na mbegu mkononi kwa muda mrefu kuliko ilivyo kawaida. Halafu inatoka sauti ya mwanamke nyuma ya kamera, kwa Dholuo, inasema: "Sasa ni wewe, nyieka. Panda."